Kiungo Hakiugui Peke Yake: Historia ya Bwaki na Rovu, Kutoka Katana hadi Idjwi

Shika mguu wa mtoto mwenye bwaki. Weka kidole gumba juu ya mguu huo, nyuma kidogo ya vidole, ubonyeze, uhesabu hadi kumi, kisha uondoe. Kidole kimeondoka, shimo limebaki. Linakaa pale kama alama ya kwato kwenye udongo mbichi, na linajaa polepole. Mtoto huyo ana mashavu mazito na miguu minene, na mgeni asiyejua angeweza kumsifu mama yake kwa kumlisha vizuri. Mama hadanganyiki. Nywele za mwanawe zimepauka zikawa nyekundu, ngozi ya mapaja inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, na mtoto hataki kula, hataki kucheza, hata kulia analia kwa shida. Unene ule ni maji. Chini ya maji hayo nyama imekwisha.

Katika vilima vya Bushi, magharibi mwa Ziwa Kivu, waganga na wauguzi wamelibonyeza shimo hilo kwa vizazi kadhaa. Walilibonyeza Katana, chini ya kilomita 50 kaskazini mwa Bukavu kwenye barabara ya Goma, na walilibonyeza Lwiro, kilomita chache kutoka hapo. Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Idjwi kinachoonekana kutoka ufukoni, walikutana na ugonjwa mwingine, rovu, uvimbe wa shingo. Magonjwa haya mawili ndiyo yaliyowafundisha jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia mbio: kwamba moyo, ini, figo, utumbo, tezi na ubongo haviwezi kuelezwa kimoja kimoja. Somo lilipatikana kwa gharama ya watoto wengi, na kwa hiyo linastahili kusimuliwa kwa utaratibu.

Alichokijua mchinjaji

Kabla hapajawa na hospitali, mtu wa Bushi alijua mwili wa mnyama kwa jicho na kwa mkono. Yeyote aliyesimama karibu na mbuzi anayepasuliwa ameona haya. Kisu kinafungua tumbo kwa mkato mmoja mrefu. Matumbo yanatoka kwanza, yameshikwa pamoja na utando laini unaong'aa, na ndani ya utando huo mishipa midogo inatambaa, inaungana, inakuwa mikubwa zaidi, mpaka yote inaingia mahali pamoja: kwenye ini. Nyongo hukatwa kwa uangalifu, kwa kuwa ikipasuka nyama yote inakuwa chungu. Figo zimelala karibu na uti wa mgongo, zimefunikwa mafuta. Ukishika koromeo na kuvuta, mapafu na moyo vinafuata kama shada moja. Na pale juu, chini kidogo ya zoloto, kuna vipande viwili vya nyama nyekundu iliyoiva ambavyo mchinjaji havitilii maanani, maana havina ladha wala uzito. Hiyo ni tezi ya thairoidi. Tutarudi kwake.

Lugha nayo ilikuwa imeshaona kwamba ndani ya mwili mambo huhusiana. Kwa Kiswahili mtu hukatwa maini kwa huzuni, shughuli huingia nyongo, mwenye wasiwasi hushikwa na tumbo joto. Sioni kuwa haya ni maneno ya mapambo tu. Aliyepata habari mbaya akakosa hamu ya kula anajua kwamba kichwa na tumbo vinasemezana.

Huko Ulaya hoja hiyo ilichukua muda mrefu kupata uthibitisho. William Harvey alichapisha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka, inatoka moyoni na kurudi moyoni. Katika karne ya 19 Claude Bernard, Mfaransa, aligundua kwamba ini hutengeneza sukari na kuimwaga katika damu hata mtu asipokula kitu kitamu, akafikia wazo kwamba chembe zote za mwili zinaishi ndani ya maji yaleyale ambayo viungo vyote hushirikiana kuyalinda. Mwaka 1926 Mmarekani Walter Cannon aliipa hali hiyo ya mizani jina la homeostasi. Mwaka huohuo jambo jingine lilianzishwa ambalo lingeleta hoja hizi hadi ufukoni mwa Kivu.

1926 hadi 1947: hospitali yaja, ardhi yaondoka

Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kiliunda mfuko wa tiba kwa ajili ya Kongo, ambao herufi zake za mwanzo kwa Kifaransa zilitoa jina Fomulac. Ulianzia Kisantu, upande wa magharibi wa nchi, kisha ukajenga Katana. Jina lilishika. Hadi leo mtu wa Katana husema anakwenda Fomulac kama vile mwingine angesema anakwenda hospitali.

Miaka miwili baadaye, 1928, serikali ya kikoloni iliunda Comité National du Kivu, chombo kilichopewa mamlaka makubwa ya kugawa ardhi ya mkoa huu kwa walowezi. Mashamba ya kahawa, chai na mkwinini yakaenea juu ya vilima vilivyokuwa na watu wengi tayari. Malisho yalipungua, na maziwa yakapungua pamoja nayo. Wakati huohuo utawala ulihimiza, na mara nyingi ulilazimisha, kilimo cha muhogo kama akiba ya njaa. Muhogo ulistahili sifa hiyo: unavumilia ukame, unavumilia udongo uliochoka, unangoja ardhini mpaka utakapohitajika. Lakini una protini kidogo sana, na una siri nyingine tutakayoiona Idjwi. Ninaitaja ardhi katika habari ya viungo kwa sababu bwaki ilianzia shambani kabla ya kufika kwenye ini.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba, wenye nywele zilizopauka na ngozi iliyobanduka. Mwaka 1935 alitumia jina walilolitumia akina mama wa jamii ya Ga wa Accra: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake anakuja. Wakubwa wa tiba walibisha, wengine wakasisitiza kwamba hiyo ni pelagra tu. Akina mama walikuwa wameshatambua chanzo. Kivu nako ugonjwa ulikuwa na jina lake, bwaki, na jina hilo halikungoja idhini ya mtu.

1947 hadi 1960: Lwiro na fumbo la maji

Mwaka 1947 Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa sayansi kwa Afrika ya Kati, IRSAC, ikiongozwa na Louis van den Berghe. Makao makuu yalijengwa Lwiro: majengo makubwa ya mawe na matofali, maktaba, makusanyo ya wanyama, vipimo vya matetemeko ya ardhi, na kituo cha lishe chenye wodi ya watoto. Mtu anayepanda kutoka Katana leo bado anashangaa kuyakuta majengo yale katikati ya migomba.

Katika kituo cha lishe, miaka ya 1950, E. M. De Maeyer na wenzake walifanya kazi ya subira. Waliwapa watoto vyakula vyenye protini za asili mbalimbali, wakapima kilichoingia kinywani na kilichotoka kwenye mkojo na choo, ili wajue mwili umebaki na nini. Nje ya Kongo, mwaka 1952, J. F. Brock na M. Autret walichapisha ripoti yao kuhusu ugonjwa huu barani Afrika kwa niaba ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya. Ugonjwa ulikuwa umekubaliwa. Swali lilibaki: kwa nini mtoto mwenye njaa avimbe?

Jibu la kwanza lilipatikana kwenye ini. Ini hutengeneza albumini, protini inayoelea ndani ya damu na kuyavuta maji yasitoroke kwenye mishipa. Ini lisipopata malighafi, albumini hushuka, maji huvuja na kujaa chini ya ngozi. Hapo ndipo shimo la kidole gumba linapotokea. Ini lenyewe hujaa mafuta kwa kuwa halina protini za kuyasafirisha kwenda nje, likavimba hadi mkono uweze kuligusa chini ya mbavu.

Lakini fuata maji yale. Damu ikipungua ndani ya mishipa, moyo hupata kidogo cha kusukuma. Figo zikiona damu inakuja kidogo, hufikiri mwili umekauka, zinazuia chumvi na maji visitoke, na uvimbe unaongezeka. Misuli, iliyokuwa ghala la protini, inavunjwa ili ubongo na moyo viendelee, na inapovunjwa potasi na magnesi huvuja na kupotea kwenye mkojo na kuhara. Ukuta wa utumbo, ambao chembe zake hufa na kuzaliwa upya kila siku chache, unakosa vifaa vya kujijenga, unakuwa mwembamba, na hata chakula kidogo kinachofika kinapita bila kunyonywa. Tezi ya kifuani inayolea askari wa kinga inasinyaa, na surua inayomwacha mtoto mwingine na mafua inamuua huyu. H. L. Vis na wenzake walizifuata chumvi hizi za mwili kwa miaka mingi Kivu, na kazi yao iligusa swali zito kuliko yote wodini: kwa nini watoto hufa baada ya kuanza kulishwa?

Kwa sababu moyo haukuwa tayari. Mtoto aliyepungukiwa potasi ana moyo dhaifu. Ukimjaza chakula na chumvi kwa pupa, maji yote yaliyokaa nje yanarudi kwenye mishipa kwa mara moja, na moyo unazidiwa. Mama aliyemwona mwanawe akianza kula akatabasamu anaweza kumpoteza usiku wa siku ya tatu. Ndiyo maana matibabu ya leo huanza kwa vikombe vidogo vya maziwa mepesi kila baada ya saa chache, pamoja na potasi na magnesi, na chumvi ya kawaida kidogo sana. Anayelaumu wauguzi kwa ubahili wa kikombe hajui kwamba kikombe kile kinaulinda moyo.

Nadharia ya albumini ilikuja kupingwa. Miaka ya 1980 Michael Golden, aliyefanya kazi Jamaica, alionyesha kwamba uvimbe wa watoto wengi hushuka kabla albumini haijapanda. Mlango wa maji una funguo zaidi ya moja, na mpaka leo hazijulikani zote. Mimi naona ubishi huo umesaidia: uliwazuia watu kulibebesha ini peke yake lawama yote.

Miaka ya 1960: ng'ambo ya maji

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na baada yake miaka ya machafuko. Wazungu wengi waliondoka, mamluki waliishika Bukavu mwaka 1967. Katikati ya hayo watu wa Kivu walijipanga wenyewe: mwaka 1965 ilianzishwa Bukavu kamati iliyojiita Comité Anti-Bwaki. Ziwani sambaza, dagaa aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, alianza kuzaliana na taratibu akawa chakula cha maskini. Na Chuo Kikuu Huru cha Brussels, kupitia kituo chake cha tiba kwa Afrika ya Kati, CEMUBAC, kiliendeleza utafiti kutoka Lwiro. Timu yake ilivuka maji kwenda Idjwi.

Kisiwa hicho ni kirefu, kina vilima na migomba, na kina machifu wawili, wa kaskazini na wa kusini. François Delange, André Ermans na Claude Thilly walikuta kaskazini zaidi ya nusu ya watu wana rovu. Shingo zilikuwa zimejaa, nyingine zikiwa na uvimbe mkubwa kama ngumi unaoning'inia juu ya shanga. Kusini-magharibi mwa kisiwa hichohicho, wenye rovu walikuwa kama mtu mmoja kati ya 20.

Sababu ya rovu ilijulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1883 daktari wa upasuaji wa Uswisi, Theodor Kocher, alieleza kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi yote walivimba uso, wakapoa, wakawa wazito wa akili. Hapo watu walianza kuelewa kwamba kijinyama kile kidogo cha shingoni kinaamuru mwili mzima. Zaidi ya miaka kumi baadaye Eugen Baumann alikuta ndani yake madini joto, yaani iodini. Mwaka 1914 Edward Kendall aliitenga homoni yake, thairoksini. Kuanzia 1917 David Marine na O. P. Kimball waliwapa wasichana wa shule za Akron, Ohio, iodini na rovu likapungua. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922. Iodini ni nyingi baharini. Milimani mvua huiosha udongoni kwa maelfu ya miaka na kuipeleka chini, na Kivu iko mbali na bahari, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 ziwani na zaidi vilimani. Hivyo kila kitu kilielekea kwenye jibu rahisi: Idjwi haina iodini.

Ila watafiti walipima mkojo, na mkojo wa kusini-magharibi ulikuwa na iodini kidogo vilevile kama wa kaskazini. Udhaifu uleule, shingo tofauti. Mwaka 1968 waliandika kwamba upungufu wa iodini hufungua mlango tu, na kuna kitu kingine kinachoingia. Nafikiri huu ndio wakati mzuri kuliko yote katika historia ninayoisimulia, kwa sababu wangeweza kufunga daftari na kurudi nyumbani na jibu ambalo dunia nzima ilikuwa tayari kulikubali.

Walitazama sahani. Kaskazini walikula muhogo mwingi zaidi. Waliwalisha watu muhogo wa kisiwa na kupima iodini yenye mionzi midogo iliyoingia kwenye tezi. Muhogo uliipunguza iodini iliyonaswa na tezi, na kuiongeza ile iliyotoka kwenye mkojo. Mwaka 1971 Delange na Ermans walichapisha matokeo hayo.

Safari ya kipande cha muhogo

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa maana kipande kimoja cha muhogo kinapita karibu kila chumba cha nyumba ya mwili.

Ndani ya muhogo mchungu kuna dutu iitwayo linamarini. Mti huitumia kujilinda na wadudu. Muhogo ukilowekwa siku kadhaa, ukaanikwa juani na kutwangwa, sumu hiyo huvunjika na kuondoka. Sombe, yaani majani ya muhogo, nayo hutwangwa na kuchemshwa sana kwa sababu hiyohiyo, ingawa anayetwanga huenda anafuata tu alivyofundishwa na nyanya yake. Muhogo usiolowekwa vya kutosha huingia tumboni na linamarini, na utumboni sianidi hutoka.

Mishipa ile aliyoiona mchinjaji, iliyotambaa kwenye utando wa matumbo, hupeleka sehemu kubwa ya kinachonyonywa kwenye ini kabla ya kwingine kokote. Ini ni mlinzi wa mlango. Linaikamata sianidi na kuifunga na salfa, na kinachotoka ni thiosianeti, ambayo haiui. Mtu anasalimika. Lakini salfa hiyo hutoka kwenye protini, kwenye maharage, samaki, maziwa, nyama. Mwenye bwaki au aliye karibu nayo hana salfa ya ziada. Kwa hiyo mlinzi anahitaji chakula ili afanye kazi ya kutusafishia chakula, na maskini wa protini hulipa mara mbili.

Thiosianeti husafiri na damu mpaka shingoni. Kwa umbo na chaji inafanana na iodini kiasi cha kuidanganya tezi. Mlangoni pa tezi kuna pampu inayovuta iodini ndani, na thiosianeti husongamana mlangoni na kuipiga kumbo. Kama iodini ni nyingi, haileti shida. Kama ni kidogo, kama Idjwi, kila tone lililokosa kuingia lina uzito. Figo, ambazo haziulizi iodini inatoka wapi, huimwaga nje pamoja na mkojo.

Sasa ubongo unaingia. Chini yake kuna tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya harage, inayopima thairoksini katika damu kila wakati. Ikiona imepungua, inatuma agizo: fanya kazi zaidi. Tezi ya shingo inatii. Haina iodini, lakini ina agizo, na kwa hiyo inaongeza chembe, inakua, inapanua mitego yake ili inase kidogo kinachopita. Rovu ni utii wa tezi kwa ubongo. Mwenye rovu kubwa mara nyingi ana homoni inayotosha, na yuko salama kwa sababu shingo yake imevimba.

Msiba mkubwa ulikuwa kwa walioshindwa hata kuvimba. Katika kaskazini ya kisiwa kulikuwa na watoto na watu wazima wafupi mno, wa ngozi kavu, ulimi mnene, akili iliyozuiwa kukua, na tezi yao haikuwa kubwa. Ilikuwa imesinyaa, karibu haipo. Tatizo lao lilianzia tumboni mwa mama. Kondo la nyuma hupeleka iodini na homoni kwa mtoto, na linapitisha thiosianeti vilevile. Ubongo wa mtoto hujengwa kwa thairoksini ya mama kabla tezi yake mwenyewe haijafungua kazi. Mama akiwa hana cha kutoa, ujenzi hukosa saruji wakati kuta zinapandishwa, na saruji ikija baadaye haiwezi kurudi chini ya ukuta.

Hivyo utumbo, ini, figo, tezi, ubongo, na kondo la nyuma vilikutana katika sahani moja ya bugali. Katika vitabu vya shule viungo hivi hukaa katika kurasa tofauti, mfumo wa mmeng'enyo hapa, mfumo wa homoni kule. Pale Idjwi hakuna aliyeweza kuvielezea kwa kurasa tofauti.

1970 hadi 1996: sindano, seleni, na mizani

Dawa ilikuwepo: mafuta yenye iodini, sindano moja misulini inayoachia iodini kidogo kidogo kwa miaka. Thilly na wenzake waliitumia Idjwi, na tezi zikapungua. Kazi ilihamia Ubangi, kaskazini-magharibi mwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ambako muhogo na ukosefu wa iodini vilikutana kwa ukali zaidi, na mwaka 1980 kitabu kilichokusanya utafiti wote kilitoka Kanada chini ya Ermans, Mbulamoko, Delange na Ahluwalia.

Bado kulikuwa na swali. Kwingine duniani, Papua New Guinea kwa mfano, watoto wa upungufu wa iodini walikuwa viziwi na wenye kulemaa viungo lakini tezi yao ilibaki. Kwa nini ya watoto wa Kongo ilisinyaa? Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 watafiti akina Jean Vanderpas na Bernard Contempré walielekeza kidole kwa seleni, madini yanayohitajika kidogo sana, ambayo pia yalikosekana kaskazini mwa Zaire. Tezi inayoamriwa kufanya kazi bila kupumzika huzalisha kemikali kali inayoiunguza, na seleni ndiyo ngao. Walipowapa watu wasio na iodini seleni pekee, hali ya tezi ilizidi kuwa mbaya: seleni pia iliharakisha matumizi ya ile thairoksini kidogo iliyobaki. Ukiziba tundu moja bila kutazama mtungi mzima, maji hutokea kwingine. Katika miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto ilienea nchini, na rovu kubwa likawa jambo la wazee.

Bwaki haikuwa na chumvi ya kuitibu. Lwiro, kati ya 1986 na 1988, watoto zaidi ya 1,000 waliolazwa walipimwa albumini ya damu na mzunguko wa mkono, wakafuatiliwa hadi walipotoka wodini au walipokufa. Michèle Dramaix na wenzake walichapisha mwaka 1993: mzunguko mdogo wa mkono, albumini ya chini na uvimbe vilitabiri nani yuko hatarini. Utepe unaozungushwa mkononi, wa bei ndogo kuliko soda, unasoma misuli. Misuli inasimulia habari za ini, moyo na kinga.

Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa kambi za Kashusha na Inera, jirani na Kavumu. Mwaka 1996 vita vikaja, vikapita vilima hivi, na vimerudi tena na tena. Kila vita vilipovuruga mashamba na barabara, wodi ya watoto ilijaa majuma machache baadaye.

Baada ya 2002: sokwe, na watoto waliokua watu wazima

Mwaka 2002, ndani ya eneo la taasisi iliyorithi IRSAC, kilifunguliwa kituo cha kulea sokwe na nyani yatima ambao wazazi wao waliuawa na wawindaji. Mtoto wa sokwe hufika amekonda, amekauka, ametulia kupita kiasi. Anayemlea humshika kifuani, kwa maana hofu na baridi humaliza nguvu za mwili sawa na njaa, na humpa maziwa kidogo kidogo. Utumbo uliolala huamshwa kwa subira, wa mtu na wa mnyama.

Kisha, karibu na mwaka 2018, watafiti wa Bukavu na Brussels, Pacifique Mwene-Batu akiwa mmoja wao, walifungua faili za zamani za hospitali ya watoto ya Lwiro, za waliotibiwa kati ya 1988 na 2007. Walipita vijijini wakiuliza majina. Waliwapata watu wazima 524, wenye umri wa kati wa miaka 22, wakawalinganisha na majirani 407 ambao hawakuwahi kulazwa kwa utapiamlo.

Waliotoka salama wodini hawakutoka bila alama. Darasani hawakufika mbali kama wenzao, na walijiona wadogo mbele ya watu. Kiuno chao kilikuwa kipana kidogo kuliko cha majirani, mafuta yamejikusanya tumboni, kuzunguka ini na matumbo. Kipimo cha sukari iliyokaa kwenye damu kwa miezi kilikuwa juu kidogo, na dalili za mchanganyiko unaotangulia kisukari na ugonjwa wa moyo zilionekana kwao zaidi. Mtoto ambaye mwili wake ulijifunza miezi kadhaa kuishi kwa uchache, kuokoa kila tone la mafuta na kuikata misuli ili ubongo uendelee, huukumbuka utaratibu huo. Misuli ndiyo hununua sukari nyingi kutoka kwenye damu, na mwenye misuli kidogo hana soko la kuipeleka.

Wapimaji walizungusha utepe kiunoni mwa vijana hao, kwenye vijiji vinavyotazama ziwa. Wengine walikuja wakiwa wamebeba watoto mgongoni, na kabla ya kuondoka walitaka utepe ule uzungushwe kwenye mkono wa mtoto pia.